Mwalimu Aliyekatazwa Kusema

Magdaline, mke wa ndugu ya mume wangu, hajawahi kunyamaza kwa hiari yake. Ndiye muuzaji wa kikundi chetu cha kufuma masweta ya shule hapa Wamagana, na aliwahi kumuuzia sweta mhubiri aliyekuja kumwombea mgongo. Mgongo haukupona, lakini mhubiri alitoka amevaa sweta.

Kwa hiyo mwaka ule wa mvua ya El Niño, shirika moja la Nairobi lilipotafuta akina mama wa kujitolea kuwafunza biashara wanawake Waafghani, tulimsukuma Magdaline mbele bila hata kupiga kura. Wanawake hao walikuwa wakimbizi waliokuwa wakiishi Peshawar, wote mafundi wa kutarizi, na walikuja watatu. Mmoja alipelekwa Kiriaini, mwingine Wang'uru kwa wauza mchele, na sisi tukapewa Parwin. Mimi Waithira, kwa kuwa nafundisha nasari na Kiingereza changu hakichechemei sana, nikafanywa mkalimani.

Parwin alikuwa mjane, mrefu, mpole, na mwenye vidole ambavyo vingeweza kutarizi hata ukungu. Jambo la kwanza Magdaline alilotaka kujua ni jina la mtoto wake wa kwanza. Alipoambiwa Laila, basi, kuanzia siku hiyo mgeni akawa Mama Laila kama Magdaline alivyo Mama Theuri, na mambo ya Parwin yakabaki kwenye pasipoti.

Aliyokuja kuyatafuta aliniambia wazi tukimenya viazi. Kule Peshawar alitarizi yeye, lakini aliyepeleka vitambaa sokoni ni shemeji yake. Shemeji ndiye aliyerudi na pesa, shemeji ndiye aliyesema zimetosha nini, na sasa shemeji alikuwa ameanza kusema Laila amesoma vya kutosha. Shirika lilikuwa linafungua duka la wanawake huko, lenye meza chache. Meza ingepewa yule tu ambaye angeweza kusimama na kuuza mwenyewe.

"Sijawahi kumwambia mtu bei kwa mdomo wangu," alisema. Nilimhurumia kweli.

Mtihani wake ulipangwa Jumamosi, sokoni Karatina. Msimamizi kutoka Nairobi, msichana aitwaye Lavender aliyevaa viatu visivyojua matope, angesimama kando na kutazama. Sharti lilikuwa moja, nalo lilimlenga Magdaline: mwalimu asiseme neno.

"Hata kidogo?" Magdaline aliuliza.

"Hata kidogo, mama."

"Na kastoma akiniuliza mimi?"

"Unatazama pembeni."

Magdaline alinunua mahindi ya kuchoma, akaketi nyuma ya Parwin, akaanza kutafuna. Kila neno lilipomjia alilizibia njia kwa hindi.

Soko lilikuwa limejaa. Vitambaa vya Parwin vilitandazwa juu ya gunia safi, vyenye makomamanga na ndege wa buluu, na kila mama aliyepita alipunguza mwendo. Nyumba ya kwetu bila vitambaa juu ya makochi, redio na televisheni huhesabiwa kuwa iko uchi. Bidhaa ilikuwa inajiuza, ilibaki bei tu.

Wa kwanza kusimama alikuwa bibi mmoja wa Mathira, mwenye kiondo mgongoni. Alishika kile chenye ndege wawili.

"Mama, hii kitambaa ni ngapi?"

Parwin alijua bei. Tulikuwa tumeizoeza wiki nzima, hata kuku wa Magdaline waliijua. Lakini aliweka mkono kifuani, akainama kwa adabu, akasema kwa Kiswahili safi:

"Ni kitu kidogo. Chukua tu, cucu."

Maneno hayo nilimfundisha mimi, hata "cucu", ambavyo sisi Wakikuyu humwita bibi mzee. Aliniomba, nikadhani ni ya zawadi za kuaga.

"Ati?" bibi akasema.

"Chukua tu."

Bibi alitazama kushoto, akatazama kulia, kama anayetafuta polisi. Kisha akasema Mungu akubariki wewe na kizazi chako, akakunja kitambaa, akakitia kwenye kiondo na kwenda zake. Parwin alibaki akitabasamu, akimngoja ageuke. Bibi hakugeuka. Nyuma yangu hindi lilivunjika vipande viwili.

"Mbona amekwenda?" Parwin aliniuliza, tabasamu likimtoka polepole. Kwao, alinieleza kwa haraka, muuzaji mwenye adabu husema ni kitu kidogo, chukua. Mnunuzi mwenye adabu hukataa. Husemezana hivyo mara tatu, ndipo bei inatajwa, na kila mtu anabaki na heshima yake.

"Mama Laila," nikamwambia, "huku mtu akiambiwa chukua, anachukua. Halafu anaomba karatasi ya kufungia."

Na hapo shida ikaanza. Habari husafiri Karatina kwa kasi kuliko treni yake ilivyowahi kusafiri: kuna Mhindi mahali anagawa vitambaa bure. Wanawake wakaja na viondo, wengine wakiwa bado na mafungu ya sukuma wiki mikononi, wakapanga foleni vizuri sana, kwa hofu ya Mungu. Lavender alikuwa anatikisa kichwa kando ya viazi. Magdaline akasimama, mdomo umejaa, macho yamemtoka.

Parwin aliinua kiganja bila kugeuka. "Mama Theuri, keti."

Magdaline akaketi. Sijawahi kuliona jambo hilo kabla wala baada yake.

Parwin aliitazama foleni. Machozi yalikuwa yamemlenga, nami nilijua anamwona Laila na yule shemeji. Kisha akavuta pumzi, akamwelekea mama wa kwanza, mnene, aliyekwisha kunyoosha mkono.

"Ile nimepea cucu," alisema kwa sauti ya juu, "kwa sababu ni cucu. Wewe si cucu. Wewe unalipa."

Foleni ililipuka kwa kicheko. Mama mmoja nyuma alivua kitambaa chake cha kichwa ili aonyeshe mvi.

"Hiyo ni vumbi," Parwin akamwambia. "Na wewe unalipa."

Bei ikatoka mdomoni mwake, nzima, bila kutetemeka. Walipomwomba apunguze, akageuza kitambaa na kuwaonyesha upande wa nyuma, uliokuwa nadhifu kama wa mbele, akauliza ni fundi gani wa Karatina angefanya hivyo. Wakanunua. Wakanung'unika, ndiyo, lakini wakanunua.

Gunia lilikuwa limebaki karibu tupu yule bibi wa Mathira aliporudi, kiondo kimejaa ndizi zilizoiva.

"Siwezi kwenda nyumbani na kitu ya bure," alisema. "Bibi ya kijana yangu ataniuliza nimeiba wapi. Shika."

Parwin, mkono kifuani, akakataa kwa adabu zote za Kabul. "Hapana, cucu, hapana."

"Basi, kama hutaki," bibi akasema, akaanza kuzirudisha ndizi mgongoni.

"Cucu, weka hiyo kitu chini!" Magdaline alinguruma, punje za mahindi zikiruka. "Anataka! Hiyo ni heshima tu anafanya, anataka!"

Tulimgeukia Lavender. Alikuwa ameshika tumbo kwa kucheka, viatu vimezama kwenye matope, na hakuonekana kujali. Alisema kuuza kumekwisha, ndizi hazihesabiwi, na meza ni ya Parwin. Parwin alimkumbatia Magdaline, wakalia wote wawili bila aibu katikati ya soko, nami nikashika ndizi.

Siku ya kuondoka kilibaki kitambaa kimoja, chenye komamanga jekundu, ambacho Magdaline alikuwa amekizunguka tangu mwanzo kama paka.

"Mama Laila, hii ni ngapi?"

Mkono kifuani. "Ni yako. Chukua tu."

"Hapana, hapana, Mungu apishe mbali," Magdaline akajibu, maana sasa alikuwa msomi. "Sema bei."

"Chukua tu, Mama Theuri."

"Siwezi. Sema."

"Kwa ajili yangu, chukua."

"Nimekataa kabisa. Ngapi?"

Parwin akataja bei. Ilikuwa juu ya ile ya Karatina, tena si kwa kidogo.

Magdaline alifungua mdomo, ule mdomo uliomvika mhubiri sweta. Nikangoja. Akaufunga. Akafungua fundo la leso, akalipa yote, Parwin akazipokea pesa, akazitia mfukoni mwake mwenyewe na kufunga kifungo.

Gari lilipopotea kwenye kona nilimuuliza Magdaline amepatwa na nini, yeye ambaye hata chumvi huiombea punguzo. Alikuwa amejifuta uso kwa lile komamanga.

"Nyamaza, Waithira," alisema. "Wacha anikamue mimi leo. Shemeji yake ndiye namhurumia."