Ngwe na Ingwe

Wewe ungenyamaza mpaka lini, kama mkweo angekukataza kuongea na mjukuu wako lugha uliyomlelea mama yake? Goreth alikuwa amenyamaza tangu Ineza aanze kutamka. Dominiki, mume wa binti yake, Mtanzania mwenye maneno mengi, alisema Kirundi kitamchanganya mtoto kichwa: shuleni Kiingereza, mtaani Kizulu, nyumbani Kiswahili, basi, inatosha. Na kwao Goreth, mama hagombani na mkwe. Akameza.

Sikukuu moja ya mwaka 2012 walitoka mtaani kwao Umbilo kwenda kuchoma nyama kwenye bonde nje ya mji. Pale getini palikuwa na kibao cha bati cha Kizulu, kutu imekula nusu: QAPHELA INGWE.

"Jihadharini na ngwe," Dominiki akasoma, beseni la nyama begani. "Kuna mashamba ya watu huku, yamegawanywa ngwe. Tusikanyage matuta."

"Baba Ineza, kwetu ingwe ni chui."

"Kwenu, mama! Kwenu kila kitu iko chui!" Akamwiga lafudhi, akacheka. Annick, binti yake Goreth, akatazama viatu vyake.

Ineza, mtoto wa miaka mitano, alikwisha kutangulia njiani na kipande chake cha soseji. Mbele yake majani yakafunguka, chui akatoka. Hakunguruma. Alijibana chini, tumbo likigusa vumbi, ncha tu ya mkia ikicheza.

Goreth alijua maana ya kujibana kule. Huko Bururi alikokulia, watoto waliambiwa mapema: ukikimbia tu, chui anakuona mbuzi.

"Ntiwiruke!" akapiga kelele. Usikimbie. Kiswahili kilikuwa kimemtoroka.

Mtoto akasikia ruka. Akaruka, tena na tena, miguu pamoja, kama yuko kwenye kamba. Masikio ya chui yakalala.

"Kimbia, Ineza!" Dominiki akafoka, naye anataka kuchomoka. Goreth akamkamata shati.

"Simama hapo, wewe! Hakuna kukimbia!"

Akaenda mwenyewe, polepole, kitenge amekiinua juu ya kichwa ili aonekane mkubwa, macho kwenye kifua cha mnyama, si machoni. Akamvuta mtoto kwa mkono, akampandisha kiunoni, akarudi kinyumenyume akimkemea chui kwa sauti nzito ya Kirundi. Chui akawatazama, kisha akaingia kichakani kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine.

Getini Dominiki akajaribu kucheka. "Eish, mama! Ulimwambia nini mpaka akarukaruka vile? Nusura umuue mtoto."

Goreth akamkabidhi Annick mtoto.

"Nilimwambia asikimbie. Mjukuu wangu hakunielewa, kwa sababu wewe ulimziba masikio. Nyamaza, sijamaliza! Nitamfundisha Kirundi. Nyumbani kwako, mezani pako, na wewe umekaa hapohapo. Sikuombi, Dominiki. Nakwambia."