Honi Mbili Fupi

Mkono wa dereva ulikuwa tayari kwenye breki, treni ikipunguza mwendo kuelekea kituo kidogo, redio ilipokoroma.

"Tumechelewa mno," alisema msimamizi wa safari. "Vituo vitatu vya mbele unavipita. Usisimame mpaka mjini."

"Mkuu, kuna watu wananingoja."

"Na wa mjini si watu? Pita, bwana."

Akaachia breki. Dereva anayepita kituo hupaswa kupiga honi moja ndefu, watu wajitenge na reli. Lakini hapa alikuwa na mazoea yake: honi mbili fupi, za kumjulisha dada yake, fundi cherehani, kwamba ndugu yake anaingia. Mkono ukazipiga kabla hajafikiri. Alipokumbuka kupiga ile ndefu, dada alikuwa amekwisha kutokea barabarani mbio, gauni la harusi kalinyanyua juu lisiguse vumbi, anatabasamu.

Treni ikampita.

Alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja kwa dada. Alimkuta mezani anafumua lile gauni.

"Nilikuwa nimeshaingia kwenye teksi nimpelekee bi harusi gauni lake," dada alisema bila kuinua macho. "Nikasikia honi. Nikamwambia yule baba wa teksi, nenda tu, ndugu yangu huyo anakuja. Akanicheka: kwani treni ni ya kwenu?"

"Niliamriwa, dada."

"Kupita uliamriwa. Na kuniita?"

Dereva alivuta kigoda akakaa.

"Bi harusi alifanyaje?"

"Aliazima gauni la wifi yake. Nilipofika walikuwa wanapiga picha."

"Alilia?"

"Angelia ningejua la kumwambia. Alinishukuru kwa kujisumbua, gauni akaniachia." Akakata uzi kwa meno. "Mjini mlifika kwa wakati?"

"Tulifika."

"Haya. Afadhali."

Dada hakuwa akimsuta, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

"Nipe upande mmoja nikusaidie," alisema.

Dada aliitazama mikono yake, akaenda kuleta beseni. "Nawa kwanza. Hiyo ni grisi." Kisha akamsogezea pindo. "Usivute. Kitambaa hiki kikichanika hakifai tena hata kwa gauni la mtoto."

Wakafumua, kila mmoja upande wake, mpaka dirishani mwanga ukafifia na uzi mweupe ukawa hauonekani juu ya kitambaa cheupe. Kiuno kilikuwa kimeachia. Mabega na lesi ya shingoni bado.

"Tuache," dada alisema, akilikunja. "Kesho nitaendelea."

"Nikitoka kazini nitapita."

Dada alichomeka sindano kwenye kifuko chake, akaanza kukusanya nyuzi sakafuni.

"Ukipata nafasi," alisema.