Rukeni Upande wa Kushoto

Taa ya buluu ilizimika kwa mara ya kwanza walipokuwa wanashuka mteremko mdogo baada ya mji wa Kimba, ikawaka tena kabla Noelene hajapata kusema neno. Ilikuwa taa ndogo kama punje ya mahindi, kwenye kiboksi kilichofungwa chini ya usukani. Ikiwaka, breki za karavani, ile nyumba ya magurudumu waliyokuwa wakiivuta, zinasikilizana na gari. Ikizimika, una nyumba ya zaidi ya tani mbili, na vitanda vyake na jiko lake na sahani zake, inakusukuma kwa nyuma na wewe huna la kuifanya.

"Merv, imezimika."

"Haijazimika. Si hiyo hapo inawaka?"

"Ilizimika, nakwambia."

"Ni jua hilo, mama. Limekupiga machoni."

"Kati yetu sisi wawili," Noelene akasema, "mwenye habari za macho ni nani?"

Wiki mbili nyuma Merv alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na daktari akampiga marufuku kushika usukani mwezi mzima. Mtu aliyeendesha malori ya ngano miaka arobaini sasa amekaa kiti cha abiria na miwani myeusi, na kila Noelene akikaribia kona, mguu wake wa kulia unakandamiza sakafu kama anaua mende. Safari wangeweza kuiahirisha. Lakini ilikuwa majira ya baridi, nyangumi wako pwani na ndama wao, na Noelene alikuwa ameahidiwa nyangumi tangu mtoto wao wa mwisho yuko shule. Akajifunza kuvuta karavani kwenye uwanja wa mpira wa kwao Loxton, mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka akaipenda kazi ile kuliko alivyotaka mumewe ajue.

Kufika Wudinna taa ilikuwa imezimika mara kumi na moja. Wakisimama kuitazama, inawaka, tena imetulia kabisa. Merv akachomoa plagi iliyounganisha karavani na gari, akazisugua pini zake kwa msasa, akapuliza, akairudisha kwa kishindo.

"Imepona hiyo."

Hawakwenda kilomita tatu. Barabara ikawa na mawimbi, taa ikazimika.

"Labda ni unavyokanyaga breki," Merv akasema.

"Rudia."

"Nimesema labda."

"Nimekusikia ulivyosema."

Walikwenda kilomita arobaini bila mtu kumpa mwenzake hata peremende. Noelene aliendesha polepole, malori yakiwapita na kuwapigia honi, na lile neno likimchoma. Hata mume wake alikuwa na haki ya kuogopa, hilo alilijua. Lakini angemwambia tu kwamba anaogopa.

Wakaingia Ceduna alasiri, wakapata nafasi kwenye kambi ya karavani iliyo kando ya bahari.

Katika kambi kama zile, wewe fungua boneti tu, wanaume watano watachipuka ardhini. Asubuhi yake chai ilikuwa haijapoa walipofika. Aliyewatangulia ni Kelvin, mwalimu mstaafu kutoka Ballarat, kaptula na soksi ndefu mpaka magotini. Akasema ni plagi. Wa pili akasema ni betri. Wa tatu akasema kiboksi kitupwe kinunuliwe kingine. Kila mmoja akaitikisa plagi kwa zamu yake, na taa ya buluu ikawatazama wote bila kupepesa.

"Haina ugonjwa," Kelvin akatangaza. "Ndugu yangu Merv, karavani yako inakutania."

"Hainitanii mimi, inamtania mama," Merv akasema, na wote wakacheka.

Glenys, mke wa Kelvin, alikuja na sahani ya skoni za moto, vile vikeki vya chai. "Shoga, kula," akamwambia Noelene. "Hawa wakishapata plagi ya kuchezea, tumekwisha kuwa wajane."

Noelene akala skoni akifikiri. Miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa kurekebisha piano, makanisani, mashuleni na majumbani mwa watu. Mara ngapi aliitwa kwa sauti inayokwaruza, na akifika haipo! Ukumbi mtupu, piano inaimba kama malaika. Mpaka waje watu mia, sakafu itetemeke, ndipo nayo inaanza. Ugonjwa wa namna ile hausubiriwi. Unachokozwa.

Akafuta siagi vidoleni. "Tangu jana tunaipima imesimama," akasema. "Inaharibika ikitikisika. Basi tuitikise."

"Sisi?" akauliza Kelvin.

"Nyinyi. Merv, ingia garini, ubonyeze ile swichi ya mkono ya breki kwenye kiboksi, usiiachie mpaka nikwambie."

Magurudumu waliyawekea vizuizi, wakakunja miguu ya chuma inayoiegemeza karavani pembeni ili springi zibaki huru. Noelene akalala ubavu juu ya mkeka kando ya gurudumu. Swichi ikibonyezwa, sumaku zilizomo ndani ya magurudumu huvuma. Mtu mwingine asingesikia kitu. Yeye alisikia: mvumo mwembamba, kama nyuki ndani ya chupa. Akazunguka magurudumu yote manne. Yote yanavuma.

"Haya, tikiseni!"

Wanaume wakasukuma kwa mabega, wakatweta. Karavani ikasogea kidogo tu.

"Mtavunjika viuno bure," Glenys akasema. "Tupandeni ndani."

"Tukafanye nini humo?"

"Tucheze, Kelvin! Mara ya mwisho umenichezesha lini?"

Wakapanda watu saba, pamoja na majirani waliokuja kutazama, mdogo wao ana miaka sitini na minne. Mtu akafungua redio, akapata wimbo wa kizamani wa gitaa. Ndani kukawa na vishindo, sahani zikilia makabatini, kelele za "nikanyagie mbali!" na Glenys akihesabu hatua kwa sauti ya gwaride. Karavani ikaanza kunesa. Noelene amelala na sikio lake, mvumo ni ule ule, haukatiki.

"Bado! Ongezeni!"

Wakaongeza.

"Rukeni upande wa kushoto! Wote!"

Watu saba wakahamia kushoto kwa kishindo kimoja. Karavani ikainama, na mvumo ukakatika kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Imezimika!" Merv akapiga kelele kutoka garini. "Noelene, taa imezimika!"

"Najua! Rudini katikati!" Mvumo ukarudi. "Kushoto tena!" Ukakatika. Akahakikisha gurudumu la pili, la tatu, la nne. Yote yamenyamaza kwa pamoja. Kwa hiyo tatizo haliko gurudumu moja wala plagi. Liko kwenye waya mkuu, kabla haujagawanyika, mahali ambapo springi ya kushoto ikibonyea inauvuta.

Akawateremsha wote kwanza, ndipo akaingiza kichwa na tochi. Vidole vyake vikaufuata waya wa buluu kwenye fremu mpaka ulipopita juu ya springi. Hapo mtu alikuwa ameufunga kwa kamba ya plastiki, ameikaza mno. Kwa nje ngozi ya waya ilikuwa nzima. Ila alipoukunja, aliusikia umelegea ndani kama mfupa wa kuku uliovunjika.

Merv akaja akalala kando yake, miwani myeusi usoni. Noelene akamshika kidole, akakiweka pale.

"Umekatika kwa ndani," Merv akasema taratibu.

"Mm."

"Basi si unavyokanyaga breki."

"Sema kwa sauti, kuna watu hawakusikia."

Merv akajikongoja akainuka, vumbi mgongoni, akaweka mikono kiunoni. "Jamani! Mke wangu anaendesha vizuri, na mimi nilikuwa naogopa tu!"

"Tuandikie hiyo!" Kelvin akajibu, na makofi yakapigwa mpaka shakwe wakaruka paani.

Walikata kipande kibovu, wakaunga kipya chenye ulegevu wa kutosha. Noelene ndiye aliyelehemu, kwa kuwa macho ya Merv hayakuwa tayari. Merv alimulika tochi, nusu ya muda akimmulika puani. Kisha kila mtu akadai kwamba kipimo lazima kirudiwe. Wakapanda tena, wakacheza nyimbo tatu, ingawa mvumo ulijulikana ni mzima tangu wimbo wa kwanza.

Mchana Noelene akaivuta karavani kwenda njia ya Thevenard, kwenye reli inayorusha magari. Akavuka. Taa ya buluu, kimya, inawaka. Akageuza akavuka tena.

"Mara moja zaidi," Merv akasema.

"Huamini?"

"Naamini. Napenda tu unavyoigeuza."

Noelene akacheka, akatazama kioo cha pembeni, akakata kona.

Waliporudi kambini walikuta meza imetandikwa, chaza wamepangwa juu ya barafu, na nyuma ya Kelvin wamepanga foleni watu wanne.

"Shemeji," Kelvin akasema, akivuta soksi zake juu, "karavani yangu ina kitu kinalia kwenye kona. Ukimaliza kula, utaisikiliza kidogo?"

"Utacheza?" akamuuliza.

"Nitacheza," Kelvin akasema.