Jino la Jiwe la Tabaka

Kra! Sebule nzima iliusikia mlio huo kinywani mwa Jethro, na mikono ikasita juu ya ugali wa wimbi.

"Nyangate!" Mzee Ombui alimgeukia bintiye, uso umemshuka. "Mchumba wako amekuja kuonja mapishi yako, nawe unamlisha changarawe?"

Nyangate aliinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Nafaka ile aliipepeta na kuisaga mwenyewe.

Jethro alijua kosa ni la nani. Mwezi uliopita, machimboni Tabaka kunakotoka mawe laini ya vinyago, nyundo ilimponyoka ikamvunja meno mawili ya mbele, yakabaki vigutu. Ebo! Mchonga vinyago ashindwe kujichongea meno? Alichagua jiwe jeupe lisilo na doa, akachonga, akabandika kwa nta ya nyuki, akajitazama kiooni na kujipongeza. Alisahau tu kwamba ugali huliwa ungali moto, na moto huyeyusha nta.

Sasa angenyamaza, angebaki kijana mtanashati, na Nyangate angebaki na sifa ya uzembe mbele ya ukoo wake. Aibu ilimwaka hadi masikioni. Hata hivyo alitema kile kijiwe kiganjani.

"Tata," alimwambia Mzee Ombui kwa heshima, kama amwitaye baba, "ugali hauna kosa. Hili ni jino langu. Nililichonga mwenyewe."

Akafunua mdomo, wote wakaona.

Bathsheba, shangazi yake Nyangate, ambaye tangu asubuhi alikuwa akimtafutia Jethro kasoro, aliangua kicheko hadi kitambaa kikamdondoka kichwani. "Yaani amejianika ili kumwokoa mtoto wetu! Huyu tumempata. Lakini mwanangu, meno hayachongwi machimboni. Kesho kutwa twende Kisii."

Daktari wa meno mjini alivisafisha vile vigutu, akavijengea kwa dawa nyeupe ya kukandwa, kidogo kidogo, akaingoja igande, kisha akaitia msasa. Jethro aliyekuwa na hofu aliitambua kazi hiyo, akatulia.

"Pembe ya kushoto bado kali," alisema alipopata nafasi.

"Naijua. Kwani wewe huuza kinyago kabla ya kukisugua? Fungua mdomo."

Nje, Nyangate aliinuka kwenye benchi walipokuwa wameketi na shangazi yake.

"Hebu cheka nione."

Jethro alicheka, na kwa mazoea mkono ukapanda kuziba kinywa. Nyangate aliushika, akaushusha taratibu. Hakuuachia.

Shangazi Bathsheba alikohoa. Kisha akamgeukia muuza ndizi, akawapa mgongo, akaanza kuchagua mkungu bila haraka yoyote.