Taarifa ya Mguu wa Sajini Meja

Sajini Meja mstaafu, ambaye kikosi kizima kilimwita Chuma, alikuwa hodari wa mambo mengi, lakini kulalamika hakukuwamo. Aliwahi kung'olewa jino bila ganzi, akasimama na kumshukuru daktari wa meno. Mkewe alipokuwa anajifungua mtoto wa tatu, akipiga kelele kama ilivyo haki yake, Chuma alimtuma mkunga aingie amwambie ajikaze kidogo. Jibu lililorudi kutoka ndani halifai kuandikwa hapa. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza hali, jibu lake ni moja tu: salama.

Wala haikuwa salama. Mguu wake wa kushoto ulivunjika vitani, ukaungwa, ukapona machoni pa watu. Mchana ulikuwa mguu kama mguu, tena wenye ukakamavu. Usiku, akishajinyoosha tu, moto ulianzia nyongani ukashuka hadi kisiginoni, na mguu ukaanza kujirusha wenyewe. Baada ya kumpiga mkewe teke usingizini mara kadhaa, Chuma alihamia kwenye kochi la sebuleni. Alimwambia mkewe kwamba sebuleni kuna hewa nzuri zaidi. Watoto walikua, wakaoa na kuolewa, na baba yao bado alikuwa anafuata hewa sebuleni.

Ndipo kliniki ya wanajeshi wastaafu ilipoleta akupancha, ile tiba ya kuchoma sindano nyembamba kama unywele sehemu maalumu za mwili ili kutuliza maumivu. Ilikuwa kwa majaribio. Muuguzi mmoja wa pale, binti mwenye mkono mwepesi na uvumilivu wa kulea mapacha, alikwenda kuisomea akarudi na hamu kubwa ya kazi. Walimpa chumba kilichokuwa stoo ya magongo na plasta. Alikipaka rangi mwenyewe Jumamosi moja, akaomba viti huku na kule, akavipanga duara. Wagonjwa walikuwa wakikaa pamoja, naye akipita nyuma yao akiwachoma masikioni, kisha wakitulia nusu saa na sindano zao chini ya feni iliyokuwa ikizunguka kivivu.

Siku ya kwanza ilikuwa kichekesho. Wanaume waliovuka mashamba ya mabomu ya ardhini walikuwa wanauliza kama dawa hiyo haipatikani kwa vidonge. Chuma aliona aibu kwa niaba ya jeshi zima. Akajitokeza, akakaa kiti cha kwanza, akatoa sikio. Wengine watatu wakafuata kwa vyeo vyao kama wanavyopanga mstari wa chakula: Fundi Redio, aliyekuwa koplo, kisha Mpishi, kisha Dereva, ambaye cheo chake kilikuwa cha chini kuliko wote na ambaye tangu ujana wake hakuwa mtu wa maneno.

Sasa, kabla ya kuchoma na baada ya kuchoma, muuguzi alikuwa na sharti moja. Alitaka kila mtu aseme maumivu yake yakoje, ili ajue kama sindano zinafanya kazi. Kwa raia, hilo ni swali la kawaida. Kwa hawa watu lilikuwa ukaguzi. Na kwenye ukaguzi, mkubwa hujibu kwanza, na akishajibu mkubwa, mdogo hana jibu lake mwenyewe. Chuma alijibu salama. Fundi Redio salama, Mpishi salama, Dereva salama. Nusu saa ikapita, sindano zikatolewa, binti akauliza tena, akapata salama zile zile kwa mpangilio ule ule. Alijaribu kumuuliza mmoja mmoja mlangoni, na kila aliyeulizwa alitupa jicho kwa Chuma kwanza, ndipo akajibu. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawa walisikia la mkuu vizuri kabisa, na miguu ikaendelea kuuma.

Isipokuwa mguu wa Chuma. Mguu wa Chuma ulianza kutulia, na hilo lilimshangaza kuliko mtu yeyote. Baada ya wiki chache aliingia chumbani usiku mmoja, akasema sebuleni siku hizi kuna joto, akajilaza pembeni mwa mkewe. Alilala mpaka kukakucha bila kurusha teke hata moja. Mkewe aliamka alfajiri, akamwona kanyooka kimya, akaingiwa na hofu kwamba amefiwa. Akamwekea kiganja puani. Alipohisi pumzi yake alikaa pale pale kitandani akalia, kisha akamfunika shuka vizuri na kwenda kupika chai. Moto haukuisha kabisa, tusidanganyane. Baada ya siku tano au sita ulikuwa unarudi, ila mdogo, na sindano za wiki inayofuata ziliuzima tena. Mama wa watu akaanza kumwita yule muuguzi mwanangu, na hata sura yake hakuwa anaijua.

Jumanne moja, akiwatoa sindano, muuguzi aliwaambia bila kuwatazama kwamba huenda chumba kikafungwa. Daktari mkuu alikuwa anakihitaji. Foleni ya mazoezi ya viungo ilikuwa imejaa korido nzima, na huku kuna chumba kizima ambacho watu wanaingia salama na kutoka salama. Daktari mkuu alimuuliza anatibu nini humo ndani, naye hakuwa na la kujibu. Wiki ijayo daktari angekuja mwenyewe kuwasikia. Binti aliwaomba waseme ukweli wao tu, basi. Wote wanne walimhakikishia asiwe na wasiwasi. Fundi Redio, kwa moyo mwema kabisa, aliahidi kwamba siku hiyo watamwambia daktari wako salama kupita siku zote. Binti aligeuka akajifanya anatafuta pamba.

Chuma alilifikisha jambo hilo nyumbani wakati wa chakula, akalisimulia juu juu, kama habari ya jirani. Mkewe aliweka kijiko chini.

"Ngoja kwanza," alisema. "Huyo binti anakuuliza unaumwa wapi, wewe unamjibu uko salama?"

"Ndivyo tunavyojibu, mama."

"Miaka yote hii nalala peke yangu kama mjane, mume wangu yuko sebuleni anauma meno asinisumbue, halafu anasema yuko salama. Unadhani nilikuwa silisikii hilo kochi likilia?"

Chuma alidhani hewa ya sebuleni ilikuwa imeaminika.

"Huko mlifundishwa kunyamaza ili adui asijue mlipojificha," mkewe akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sawa. Sasa mimi ni adui yako? Huyo mtoto wa watu ni adui yako? Nimekupata kitandani juzi juzi tu, baba. Usinirudishie kochi."

Maneno hayo ya mwisho yalimwingia. Alimpenda huyu mwanamke kwa namna ambayo hakuwahi kuitolea taarifa popote. Usiku ule aliapa moyoni kwamba siku ya daktari atasema, potelea mbali, na wiki nzima alifanya mazoezi akiwa bafuni, mbele ya kioo, akijiambia kwa sauti ya chini kwamba mguu unauma. Mara mbili mjukuu wake alibisha hodi kuuliza babu anaongea na nani.

Siku ikafika. Daktari mkuu aliingia, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, akasalimia kwa heshima, akasimama karibu na dirisha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye vyumba vichache na wagonjwa wengi. Muuguzi alivuta pumzi, akamgeukia Chuma, akamuuliza maumivu yakoje leo.

Chuma alifungua mdomo. Akawaona watu wake watatu wamekaa wima, mikono magotini, wakimsubiri kama walivyomsubiri miaka yote, na mdomo wake ukafanya kazi uliyozoea.

"Salama," alisema.

"Salama," akasema Fundi Redio, kwa nguvu, akitimiza ahadi. Mpishi akasema salama. Dereva akasema salama.

Chuma alihisi uso unamchoma kwa aibu. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na kiti chake cha plastiki. Daktari mkuu alimshika muuguzi bega, akamwambia kwa upole kwamba amejitahidi sana, lakini taarifa yao ameisikia mwenyewe. Kisha akaelekea mlangoni.

Taarifa. Neno hilo ndilo lililomnyanyua Chuma kitini. Jeshini maumivu yalikuwa siri ya mtu na mwili wake, lakini taarifa ya uongo ilikuwa kosa la kuvuliwa cheo. Yeye mwenyewe aliwahi kumvua mtu cheo kwa taarifa ya uongo, na hakujuta.

"Daktari," aliita, na daktari akasimama. Chuma alikuwa amesimama wima, visigino vimegusana, macho mbele. "Nimetoa taarifa ya uongo. Naomba kuirekebisha."

"Karibu, mzee."

"Mguu wangu wa kushoto unaniuma. Umeniuma tangu vita. Ukianza usiku nauma mto nisipige kelele. Nimemkimbia mke wangu kitandani miaka mingi kwa sababu ya huu mguu, nikamdanganya. Tangu binti huyu aanze kunichoma sindano zake, ninalala. Si kila siku. Lakini ninalala, daktari, na mke wangu yuko pembeni. Mkifunga hiki chumba narudi sebuleni. Mwisho wa taarifa."

Alikaa. Akausugua mguu mbele ya watu, na kwa mara ya kwanza hakujisumbua kujificha. Muuguzi alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja.

Fundi Redio alikohoa. Akasema na yeye anaomba kurekebisha, kwamba kichwa humgonga kila asubuhi na sikio la kulia halijaacha kuvuma, na kwamba siku za sindano mvumo hupungua. Mpishi akasema mgongo. Hawezi kuinama kufunga viatu, mkewe ndiye anayemfunga, na kusema kweli, sindano hazijamsaidia sana bado, ila yuko tayari kuendelea kama hawajamchoka. Daktari mkuu alikuwa amerudi katikati ya chumba. Alivuta kiti akakaa, akavaa miwani.

Alibaki Dereva. Hakuna aliyemharakisha.

"Mimi siumwi mwili," alisema mwishowe. "Mimi sijawahi kuzima taa tangu turudi. Taa ikizimwa naona barabara ile. Hizi sindano, nikikaa nazo hapa, nafumba macho na siioni. Ni hapa tu."

Barabara ile Chuma aliijua. Wote waliijua. Dereva ndiye aliyekuwa akiendesha gari siku waliposhambuliwa humo, na Chuma alikaa pembeni yake, na waliporudi kambini aliwakagua wote waliobaki hai, mmoja baada ya mwingine.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza, na alipoisikia sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

Dereva alimtazama bila kinyongo chochote, kwa heshima ile ile ya siku zote.

"Afande, ulikuwa unajibu kwanza."

Daktari mkuu alimwambia muuguzi kwamba watu wa mazoezi ya viungo atawatafutia mahali pengine, hata kama ni ofisini kwake, na kwamba angependa kukaa asikilize kikao hiki mpaka mwisho. Muuguzi aliitikia kwa kichwa. Akanawa mikono, akafungua pakiti ya sindano, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha Chuma kama kawaida yake, akamuuliza kama wako tayari waanze upya.

Chuma alitikisa kichwa.

"Anza na Dereva, binti yangu," alisema. "Kuanzia leo uliza kutoka chini kwenda juu. Mimi niulize wa mwisho."

Muuguzi akahamisha trei yake upande wa pili wa duara, na Sajini Meja akageuza kiti ili asikie vizuri.