Vilima vya Mashangazi

Mkemia mwenzangu ni bingwa wa protini, lakini mbele ya mashangazi wa mchumba wake ni kifaranga mbele ya mwewe. Wako watatu, na mmoja akikataa, harusi hakuna. Basi skrini ya mashine yetu ya kupimia molekuli ilipoonyesha vilima vitatu, mpumbavu yule hakungoja kujua ni nini. Aliwapigia simu kuwa amegundua protini tatu, na kila shangazi atapewa yake.

Wakaja maabara wamejipamba, tukawavisha makoti meupe. Shangazi Mkubwa alikifurahia kilima chake, kirefu kupita vyote. Wa Kati akakipokea chake shingo upande. Mdogo wao, waliyemwita Kijiti, aliambulia kichuguu. Akachukua mkoba, akasema harusi waiendeshe wenye vilima.

Mwenzangu uso ukamsawijika. Mimi uvumilivu ukanishinda. Nikawaeleza kuwa mashine ile haionyeshi uzito wenyewe. Huugawa kwa idadi ya chaji za umeme zilizobebwa na molekuli, kama gunia moja wakigawana wapagazi: wakiongezeka, fungu la kila mmoja hupungua, na gunia ni lile lile. Nikapandisha hadi mwisho uwezo wa mashine wa kutenganisha vilivyokaribiana. Kila kilima kikapasuka meno membamba, na penye chaji nyingi zaidi meno yalibanana zaidi. Nikasoma chaji kwa meno hayo, nikazidisha namba ya kila kilima kwa chaji zake mbele yao. Jibu likatoka moja mara tatu.

"Ni protini moja tu," nikasema. "Kilima kirefu maana yake molekuli nyingi zimebeba chaji idadi hiyo. Uzito haukuzidi."

Shangazi Mkubwa akauliza kama mashine haijaharibika. Nikamjibu ni nzima kuliko sisi sote.

Kijiti alikuwa keshafika mlangoni. Akarudi, akaniomba nizidishe tena, cha dada yake kwanza, kisha chake. Nikazidisha. Machozi yakamlengalenga. Alisema tangu utotoni amevaa nguo walizozichoka wao, na amesema neno wakishashiba kusema wao. Nilimwonea huruma, na nilimwonea haya mwenzangu. Kisha akakiendea kiti cha katikati alichokalia Mkubwa, naye, sijui kwa nini, akampisha.

"Hiyo protini ni mimi: kilima kifupi, uzito ule ule," Kijiti akasema. "Na harusi ipo."