Kitambaa Kilichogeuzwa

"Usinizungushe, mwalimu. Kitambaa kimegeuzwa, maua yanaangalia ndani. Mimi huwa nawavalisha hivyo watu wangu?"

"Watu wako ni hadubini, Mama Funguo. Vyuma na vioo."

"Vyuma na vioo nilivyovitilia saini mimi."

Walisimama pande mbili za kamba ya nguo, nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa shule, shuka mbichi ikining'inia katikati, kila mmoja akiisogeza ili amwone mwenzake vizuri usoni. Fundi cherehani wa nyumba ya mwisho alishaacha kukanyaga mashine. Ugomvi mtamu hausikilizwi huku unashona.

"Kufuli sijaligusa," alisema mwalimu wa baolojia. Wanafunzi walimwita Pilipili, na leo jina lilimkaa. "Nenda kaliangalie."

"Kufuli zima. Bawaba ndizo zina mikwaruzo. Umeung'oa mlango wa kabati kama mwizi msomi."

Fundi cherehani alicheka, akajifanya anakohoa.

Hadubini zenyewe zililetwa na akademia ya sayansi, ile inayohudumia shule za kanda nzima, na pamoja nazo akaja mkufunzi. Huyo aliwaambia walimu mpaka sauti ikamkauka: watoto waguse, sayansi haitazamwi kwa mbali. Alipopanda gari tu, mkuu wa shule akaagiza kila kitu kifungiwe kabatini, visije vikachakaa kabla ya ukaguzi. Mama Funguo, mtunza stoo, akavishonea vitambaa vya maua, kama vya televisheni ya sebuleni. Wanafunzi wakabaki na hadubini ya chaki ubaoni, wakakariri sehemu zake zote, na kwenye mtihani wa vitendo wakaogopa kuishika ya kweli. Binti mmoja aliikodolea macho mpaka kengele ikalia. Pilipili alikuwa bado anamwona kila akifumba macho. Ndiyo maana jana alichukua bisibisi.

"Na moja imepasuka kioo," alisema Mama Funguo, sasa kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Wenye vifaa wanakuja leo. Wakivihamisha, atanyooshewa nani kidole? Wewe una shahada. Mimi nina funguo."

Pilipili alikuwa na jibu, tena lenye makali, ila mkuu wa shule alitokeza penye kona ya nyumba akiwa na mgeni. Ni mkufunzi yule yule, sasa ana kitambi na beji ya ukaguzi.

Huko stoo Mama Funguo alifungua kabati. Mgeni akachungulia, akatabasamu.

"Safi. Kama zimetoka kiwandani jana. Nipatieni wanafunzi wenye sare nzuri wasimame hapa nipige picha. Wasiguse."

Pilipili alimsogelea. "Wasiguse? Si wewe uliyetuambia waguse?"

"Hii ni ya ripoti tu, mwalimu."

"Basi ripoti na hii." Aliitoa hadubini ya nyuma, akaibwaga mezani mbele yake. Lenzi ilikuwa na ufa. "Mtoto ameizungusha mpaka ikagonga kioo cha chini, kwa sababu hajawahi kuigusa maishani. Akalia. Kisha akakaa kwenye nyingine, akaona seli za kitunguu, akakataa kwenda mapumziko. Hilo ndilo somo pekee ambalo zawadi yenu imefundisha humu. Mengine yote ni maua."

Mkuu wa shule aliangalia dari. Mgeni hakutabasamu tena.

"Shule isiyotunza vifaa, tunavihamishia kwingine. Gari lipo nje. Na haya matambara muyaondoe, yanaharibu picha." Akavikwanyua vitambaa kimoja kimoja, akavitupa sakafuni.

Mama Funguo aliviangalia pale chini. Aliinama, akavikung'uta vumbi, akavikunja. Halafu akairudisha ndani ile yenye ufa, akafunga kabati, akageuza ufunguo na kuuingiza kifuani.

"Hakitoki kitu."

"Mama, hivi ni vya akademia."

"Nilivipokea kwa saini yangu, vitatoka kwa saini yangu, na leo mkono unaniuma. Mkuu, mwambie anipekue."

Hakuna aliyejitolea. Mgeni alisema atarudi na barua, Mama Funguo akamjibu kwamba barua hazina bisibisi. Gari likaondoka tupu.

Walirudi uani. Shuka ilishakauka. Pilipili alikuwa bado na hasira, na iliyobaki akaimalizia kwa aliyekuwa karibu.

"Ungefungua tangu mwaka jana, yule binti asingefeli."

"Najua."

"Nilikuomba mpaka nikachoka. Kila siku 'mgeni akija, mgeni akija.'"

"Nimesema najua, mwalimu. Unataka nipige magoti kwenye matope?" Mama Funguo aliutoa ufunguo, bado una joto la mwili, akauweka kwenye kiganja cha Pilipili. "Kipindi kikiisha unarudisha. Na maua yaangalie nje."

"Na akija na hiyo barua?"

"Atanikuta."

Pilipili aliufumba ufunguo. Alitaka kuendelea kugomba, maneno yalikuwa bado mengi, lakini mwenzake alishafika mlangoni kwake na kuusukuma kwa kiwiko.

"Tangu asubuhi unabweka tu, hujatia kitu tumboni. Na wewe fundi, acha kukohoa, sahani zipo. Ingieni tule. Mwalimu atamalizia kunitukana mezani."